Ukungu Nyuma ya Picha kwa Kamera Ndogo ya Mfukoni: Mwongozo Kamili

Bibi yangu alikuwa amekaa chini ya mwembe nje ya nyumba, kanga mpya mwilini bado inanukia dukani. Nikampiga picha kwa kamera yangu ndogo ya mfukoni. Nilipomwonyesha kwenye kioo aliitazama kitambo, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, mbona umenitwika tangi la maji?"

Alisema kweli. Tangi jeusi la jirani, lililo juu ya paa la nyumba ya tatu kutoka kwetu, lilikuwa limekaa utosini kwake, limetoka wazi kabisa, hata bomba lake linahesabika. Wakati napiga sikuliona, maana jicho la mtu huchagua la kutazama na mengine huyaacha. Kamera ndogo haichagui. Inakuletea bibi, tangi, nyaya za umeme na kuku wa jirani, vyote kwa usawa.

Kinachotakiwa hapo ni ukungu wa nyuma: mtu aonekane wazi, na vilivyo nyuma yake vilainike. Wapiga picha wengi huuita bokeh, kutokana na neno la Kijapani boke, yaani ukungu. Ile h ya mwisho iliongezwa na jarida moja la Marekani mwaka 1997 ili wasomaji wake wasilitamke vibaya. Wenye kamera kubwa huupata ukungu huo kwa kuzungusha gurudumu moja tu. Sisi wa kamera za mfukoni huambiwa haiwezekani. Inawezekana, ila kwa kiasi, na ukishajua kiasi hicho kinatoka wapi hutapoteza jioni nzima ukijaribu mambo yasiyo na faida.

Mifano mingi humu nimeifanya kwa Canon IXUS 185, kamera nyepesi ya mwaka 2017 isiyo na mbwembwe. Kama yako ni nyingine, usijali. Utaona namna ya kuweka namba zako mahali pa zangu.

Ulezi, choroko na kifuniko cha soda

Ndani ya kamera kuna kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga. Katika kamera nyingi za mfukoni za bei nafuu, kihisi kina upana wa milimita 6.2 hivi na urefu wa 4.6, yaani ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kwenye kamera kubwa za studio kihisi hufika milimita 36 kwa 24. Kihisi kikiwa kidogo, lenzi nayo inakuwa fupi: lenzi ya milimita 5 kwenye kamera yangu inaona eneo lile lile linaloonwa na lenzi ya milimita 28 kwenye kamera kubwa. Na lenzi ikiwa fupi, tundu linaloingiza mwanga ni dogo. Chanzo cha shida yote ni hilo tundu.

Nukta ya mwanga iliyo kwenye fokasi, yaani kwenye umbali ambao kamera imeulenga utoke wazi, hutua kwenye kihisi ikiwa nukta. Iliyo nje ya fokasi hutua ikiwa duara. Maduara hayo yakipandana kwa maelfu ndiyo tunayaita ukungu. Basi swali ni moja tu: duara lina ukubwa gani?

Jibu lake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kitu kikiwa mbali sana nyuma ya unayempiga, kila nukta yake hupanuka ikawa duara lenye upana sawasawa na upana wa tundu la lenzi, ukilipimia pale alipo mtu wako. Yaani tundu likiwa na milimita 6, ni kama umechukua vidoa vya milimita 6 ukavishika kando ya shavu la bibi. Huo ndio ukubwa wa ukungu wako, si zaidi.

Nimezoea kulifikiria jambo hili kwa nafaka. Tundu la milimita moja na nusu ni punje ya ulezi. La milimita 6 ni choroko. Lenzi maarufu ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba hiyo ya f nitaieleza hivi punde) kwenye kamera kubwa ina tundu la milimita 28, karibu na kifuniko cha chupa ya soda. Shika punje ya ulezi kando ya uso wa mtu, halafu shika kifuniko cha soda, utaelewa kwa nini picha za harusi za yule mpiga picha wa mtaani zinalainika nyuma na zako hazilainiki.

Hatua ya kwanza: soma pete ya lenzi, kisha gawanya

Geuza kamera uitazame usoni. Kwenye pete ya lenzi kuna maandishi. Yangu yanasema 5.0–40.0 mm na 1:3.2–6.9. Namba za kwanza ni urefu wa lenzi ikiwa haijavutwa na ikiwa imevutwa hadi mwisho. Za pili ni namba za f kwenye ncha hizo mbili. Upana wa tundu ni urefu wa lenzi ugawanywe kwa namba ya f.

Bila kuvuta: 5 gawanya kwa 3.2 ni milimita 1.6. Ulezi. Ukivuta hadi mwisho: 40 gawanya kwa 6.9 ni milimita 5.8. Choroko.

Hapa ndipo wengi wanapotezwa. Kila mahali utasoma kwamba ukitaka ukungu tafuta namba ndogo ya f. Kwa lenzi isiyovutika ni sawa. Kwa kamera ya mfukoni ushauri huo utakuumiza, maana f/3.2 yangu inatoa ukungu mara tatu na nusu pungufu ya f/6.9 yangu. Namba ya f imepanda, lakini lenzi imerefuka mara nane, na tundu limekua.

Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua kamera pia. Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, ina lenzi ya 10.4–37.1 mm yenye 1:1.8–4.9: tundu la milimita 5.8 bila kuvuta, na 7.6 ikivutwa. Canon G7 X Mark II ya mwaka 2016 ina 8.8–36.8 mm, 1:1.8–2.8: milimita 4.9, kisha 13.1 ikivutwa, ambayo ni kubwa kupita kifungo cha shati. Kwa mtu anayetaka sura za watu, tofauti kati ya 7.6 na 13.1 ni kubwa, ingawa zote mbili zimeandikwa f/1.8 usoni na muuzaji atakuambia ni mamoja. Megapikseli hazimo kabisa katika hesabu hii. Niliwahi kununua kamera kwa sababu ya megapikseli. Sitaki kulizungumza.

Hatua ya pili: vuta hadi mwisho, lakini kwa lenzi

Kamera nyingi zina zumu mbili. Ya lenzi inasogeza vioo kweli, na tundu linakua. Ya dijiti inakata tu kipande cha katikati cha picha na kukikuza, tundu linabaki vile vile na picha inaharibika. Ingia kwenye menyu uizime ya dijiti kabla hujaanza. Halafu vuta mpaka mwisho na uache hapo. Kuanzia sasa zumu yako ni miguu: ukitaka mtu awe mkubwa zaidi sogea, ukitaka awe mdogo rudi nyuma.

Hii itakuwa ngeni kwako siku mbili za mwanzo. Utajikuta umesimama mbali na watu. Bibi alidhani nimekasirika.

Hatua ya tatu: punguza upana wa fremu

Kwa kuwa duara lina ukubwa uliokwisha pangwa na tundu, kinachobaki mikononi mwako ni ukubwa wa fremu, yaani eneo linaloingia kwenye picha pale alipo mtu. Choroko moja juu ya sinia haionekani. Choroko ile ile ndani ya kijiko inaonekana sana.

Chukua picha ya bibi ya kwanza. Sikuwa nimevuta, nilisimama hatua moja mbele yake, na fremu ilikuwa na upana wa mita moja hivi. Ulezi wa milimita 1.6 ndani ya mita nzima: ukiichapa picha ile kwa upana wa sentimita 15, duara linakuwa robo ya milimita. Hakuna jicho litakaloliona. Ndiyo maana tangi lilitoka kama lilivyo.

Sasa vuta hadi mwisho, rudi nyuma mpaka fremu iwe na upana wa nusu mita, kichwa hadi kifuani. Kwa kamera yangu hapo ni mita 3.2 kutoka kwake. Choroko ya 5.8 ndani ya milimita 500 ni zaidi kidogo ya asilimia moja. Kwenye karatasi ya sentimita 15 ni milimita 1.7. Majani yaliyo mbali yanakuwa madoa laini, nyaya za umeme zinafifia. Sura ya nyumba bado inatambulika, lakini haipigi kelele. Ukisogea hadi fremu ya sentimita 30, uso na mabega tu, unakaribia asilimia 2. Ukipiga ua la mwasumini kwa fremu ya sentimita 15, kutoka mita moja hivi, unakaribia 4, na hapo watu watakuuliza umenunua kamera gani.

Kila kamera ina umbali ambao ukiukaribia zaidi inakataa kupata fokasi, na umbali huo huwa mrefu zaidi ukiwa umevuta. Utafute mwenyewe: tundika gazeti ukutani, vuta hadi mwisho, bonyeza kitufe nusu, sogea nusu hatua, rudia. Siku kisanduku cha kijani kitakapokataa kuwaka, rudi nusu hatua na ukumbuke umbali huo. Mimi naupima kwa kunyoosha mkono na mwavuli.

Hatua ya nne: mtoe mtu ukutani

Ile kanuni ya duara inasema "kitu kikiwa mbali sana nyuma". Kikiwa karibu, unapata sehemu tu ya ukungu wako. Sehemu hiyo ni umbali kutoka kwa mtu hadi kilicho nyuma, ugawanywe kwa umbali wote kutoka kwenye kamera hadi kilicho nyuma.

Uko mita 3 kutoka kwa mtu. Ukuta uko sentimita 30 nyuma yake: unapata sehemu moja kati ya kumi na moja, yaani hakuna kitu. Ukuta uko mita 3 nyuma yake: nusu. Mita 12: asilimia 80. Baada ya hapo huongezi sana hata nyuma pakiwa ni bahari hadi Pemba.

Kwa hiyo kama una dakika moja tu ya kupanga picha, usiitumie kwenye menyu ya kamera. Itumie kumwambia mtu atoke ukutani. Kwa watu wetu ni kazi, maana ukimwambia mtu unampiga picha, kitu cha kwanza ni kuegemea ukuta au kusimama mbele ya gari akiwa ameligusa. Mwache aegemee gari, lakini wewe piga kutoka upande ambao nyuma ya bega lake ni barabara inayoishia mbali.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unafundisha jambo hili vizuri. Vichochoro ni vyembamba, ukisimama kinyume na mlango wa nakshi huna mita mbili za kurudi nyuma, na mlango umegusana na mgongo wa mtu. Geuka digrii 90. Piga kando ya kichochoro badala ya kukikata. Sasa nyuma ya mtu kuna mita 20 au 30 za njia, baraza, baiskeli na mwanga wa upenyo mwishoni. Kichochoro kile kile, kamera ile ile.

Na shuka chini. Ukimpiga mtoto ukiwa umesimama, kilicho nyuma yake ni udongo wa nusu mita kutoka visiginoni. Ukichutama mpaka kamera ikawa sawa na macho yake, udongo unaondoka na nyuma yake kunakuwa uwanja mzima. Sina hila yenye faida kubwa kuliko hii, na gharama yake ni magoti tu.

Hatua ya tano: chagua nyuma inayokubali kulainika

Kwa ukungu wa asilimia moja au mbili huwezi kuficha chochote. Unaweza kulainisha tu, na kuna vitu vinavyokubali kulainishwa na vingine haviafiki. Majani yaliyo kivulini hukubali, na bahari, na ukuta mkuukuu wa chokaa ulio mbali. Mabati yenye migongo hayakubali: yakilainika kidogo yanageuka mistari miwili miwili inayochosha macho. Maandishi ya matangazo nayo hubaki yakisomeka hata yakiwa na ukungu, kwa sababu ubongo unapenda kusoma. Vivyo hivyo matawi makavu yenye anga jeupe nyuma yake.

Ninachokitafuta zaidi ni tofauti ya mwanga. Mtu akiwa ukingoni mwa kivuli, uso wake ukipata mwanga laini, na nyuma yake pakawa na migomba iliyo kizani, picha inajitenga yenyewe. Nusu ya ukungu ambao watu wanausifia kwenye picha zangu si ukungu, ni giza. Hapa kwetu jua la saa sita mchana linasimama utosini na kuchimba mashimo machoni pa watu. Kuanzia saa kumi jioni linakuja kwa ubavu, na hapo ndipo kivuli cha ukuta kinakuwa studio ya bure.

Na tangi? Tangi huondolewa kwa kusogea hatua mbili kushoto mpaka shina la mwembe lilizibe. Usimpe ukungu kazi ambayo miguu inaiweza.

Hatua ya sita: mipangilio, na hii haichukui muda

Kama gurudumu lako lina A au Av, yaani hali ya kuchagua namba ya f mwenyewe, liweke hapo, chagua namba ndogo ya f ambayo kamera itaruhusu ukiwa umevuta hadi mwisho, basi. Kama halina, tafuta hali ya sura za watu kwenye orodha ya mandhari, mara nyingi ina alama ya kichwa cha mtu. Kama nayo hakuna, acha hali ya kawaida na upige kivulini, kwa sababu kwenye mwanga mdogo kamera haina sababu ya kubana tundu.

Baadhi ya kamera za bei nafuu hazina tundu la kubana na kufungua kabisa. Mwanga ukizidi, zinashusha kichujio cheusi ndani ya lenzi, mithili ya miwani ya jua, na kuandika f/8 au f/20 kwenye kioo kana kwamba tundu limebanwa. Ukungu haupungui hata kidogo. Ukiona namba ya f imeruka ghafla juani, piga kwanza, kisha linganisha na picha ya kivulini kabla ya kuhuzunika.

Wenye G7 X, RX100 na jamaa zake wana tatizo la upande mwingine. Jua kali, kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga), linahitaji f/16 na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya sehemu moja ya 100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/2.8 unahitaji sehemu ya 3,200, na kwa f/1.8 karibu sehemu ya 8,000. Nyingi za kamera hizo shata yake inakomea 2,000. Picha inaungua ikawa nyeupe, au kamera inabana tundu bila kukuuliza. Dawa ni kichujio cha ndani, kwenye menyu kimeandikwa ND, ambacho kamera kadhaa za daraja hilo zinacho. Kiwashe. Au nenda kivulini, ambako ulitakiwa uwe tangu mwanzo.

Flashi izime. Inampiga mtu kama amekutwa dirishani usiku wa manane.

Hatua ya saba: fokasi na mkono

Weka fokasi ya nukta ya katikati, au ya kutambua uso kama kamera yako inaijua kazi hiyo. Elekeza kwenye jicho, bonyeza kitufe nusu, subiri kisanduku kiwe kijani, endelea kushikilia, panga fremu upya, ndipo umalizie. Mtu akisogea mbele au nyuma, achia na uanze tena.

Ukiwa umevuta hadi mwisho, lenzi yangu inaona kama milimita 224, na kila mtetemeko wa mkono unakuzwa nayo. Mikono miwili, viwiko vibane mbavu, egemea nguzo au kaa chini. Jioni ikiingia, weka kamera juu ya ukuta au mfuko wa mchele na tumia taima ya sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Picha iliyotikisika ina ukungu kila mahali, na huo si ule tunaoutafuta.

Ukungu wa mbele, ambao kamera ndogo inauweza kweli

Mpaka sasa nimekuwa nikikuombea makombo: asilimia moja, asilimia mbili. Hapa kuna sahani nzima.

Kitu kilicho nyuma ya mtu hakiwezi kuzidi upana wa tundu, hata kikiwa mwezini. Kilicho mbele yake hakina mpaka huo. Mtu wako yuko mita 3. Weka majani sentimita 30 kutoka kwenye lenzi. Duara la majani hayo, ukilipimia pale alipo mtu, ni upana wa tundu mara 9. Choroko ya milimita 5.8 imekuwa duara la milimita 52, ndani ya fremu ya chini kidogo ya nusu mita. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya picha nzima. Majani yanayeyuka yakawa wingu la kijani, na hakuna atakayeamini umetumia kamera ya mfukoni.

Namna ya kufanya: mpange mtu kwanza. Funga fokasi kwake kwa nusu kitufe kabla majani hayajaingia, maana fokasi ikiyaona majani itayang'ang'ania. Ukiendelea kushikilia, sogeza kamera kidogo pembeni mpaka majani yaingie pembe moja ya fremu, chini au ubavuni, si katikati. Piga. Kama huna majani, tumia kanga iliyoanikwa kwenye kamba, shanga za pazia la mlangoni, au nondo za dirisha. Mwenzangu mmoja hutembea na kijitawi cha mwarobaini mfukoni. Nilimcheka mwezi mzima, sasa ninacho changu.

Jambo la kuangalia ni rangi. Kanga nyekundu ikiwa karibu na lenzi inatandaza wekundu juu ya uso wa mtu kana kwamba ana homa. Kijani na nyeupe ni salama zaidi.

Vitu vidogo

Kwa maua, vitumbua vya kuuza mtandaoni, hereni na vidani, una njia mbili. Ya kwanza ni ile ile ya kuvuta na kusimama kwenye mpaka wa fokasi. Ya pili ni hali ya makro, alama ya ua, ambayo hukuruhusu kusogea hadi sentimita chache kutoka kwenye kitu, bila kuvuta. Nilifanya hesabu nikashangaa: kwa kamera yangu, kupiga kutoka sentimita 3 kwa makro kunatoa fremu ya sentimita 3.7 na ukungu wa asilimia 4, karibu sawa na kupiga kwa kuvuta kutoka mita moja, ambako fremu ni ya sentimita 15. Kwa hiyo chagua kwa ukubwa wa kitu. Hereni moja, makro. Sahani ya vitumbua, vuta.

Ila makro ina kasoro zake. Ukiwa sentimita 3 kamera yenyewe inaweka kivuli juu ya kitu, na kwa kuwa hujavuta, lenzi inaona eneo pana sana nyuma: meza, sufuria, miguu ya mtoto, kila kitu kimo, kikiwa laini. Lenzi iliyovutwa inaona upenyo mwembamba tu nyuma ya kitu, na upenyo mmoja ni rahisi kuusafisha.

Taa za usiku

Jioni nenda mahali penye taa nyingi ndogo. Hapa kwetu ni Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, wakati wauza mishikaki, pweza na juisi ya miwa wanapowasha taa zao. Msimamishe mtu karibu na meza moja ili taa yake imuangazie uso, wewe rudi nyuma, vuta, na hakikisha meza nyingine ziko mbali nyuma yake. Kila balbu inakuwa duara linalong'aa. Mchana maduara haya yapo pia lakini yamepandana. Usiku unayaona moja moja, na hata choroko zinapendeza zikiwa za dhahabu.

Unataka maduara makubwa bila mtu? Nyoosha mkono wa rafiki yako mbele kwenye umbali wa chini kabisa wa fokasi, funga fokasi kwake, kisha ukiendelea kushikilia nusu kitufe mwambie auondoe na upige taa. Kamera haina fokasi ya mkono, lakini imedanganyika vizuri. Punje punje za ISO ya juu zitakuwepo. Ukuta wa Forodhani ni stendi nzuri ukitaka ISO ishuke. Uliza ruhusa kabla ya kumpiga muuza pweza, na ukishaomba, nunua.

Baadaye, kwenye simu au kompyuta

Unaweza kuongeza ukungu baada ya kupiga. Snapseed kwenye simu ina kifaa cha kulainisha nje ya duara au mstari unaouchora, na kwenye kompyuta GIMP inafanya zaidi, bure. Mimi hutumia kidogo, kumalizia ambacho lenzi imekianza, wala sianzi sifuri. Kosa linaloonekana haraka ni kumkata mtu pembezoni mwake na kulainisha kila kitu kingine sawasawa. Ardhi aliyosimama inapaswa kuwa wazi miguuni pake na kufifia taratibu kuelekea nyuma; ikiwa na ukungu hadi kwenye vidole, mtu anaelea. Nywele na ncha za mtandio ndizo zinazofichua uongo, zikiwa na utepe mkavu wa ukuta wa zamani ukizizunguka. Ukishindwa na nywele, punguza nguvu ya ukungu mpaka utepe usionekane, na ukubali hapo.

Bibi nilimpiga tena jioni ya pili. Lenzi imevutwa hadi mwisho, mimi niko mita 3 na kitu, nimechutama, yeye ukingoni mwa kivuli cha mwembe, migomba ya jirani nyuma yake mbali, jani moja la mwembe pembeni mwa fremu limegeuka wingu. Tangi liko nyuma ya shina. Nilimpa kamera kwa majivuno. Aliitazama, akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu.

"Nzuri," akasema. "Na jina la kanga liko wapi?"

Fremu ya nusu mita ilikuwa imelikata. Nikarudi nyuma hatua nne, fremu ikawa ya mita moja, ukungu ukapungua nusu, na jina likasomeka herufi kwa herufi. Hiyo ndiyo picha iliyoko ukutani sebuleni.